Maji ya Mgagani

Mwezi wa kumi mwaka jana nilihukumiwa siku ishirini na moja.

Kosa langu lilikuwa kubandika karatasi yenye maneno CHOO CHA WAGENI kwenye mlango wa ofisi ya mkuu wa shule, siku ya mahafali. Waliingia wazazi watatu. Wa tatu alikuwa ameshaanza kulegeza mkanda. Mwandiko wa karatasi ile ulikuwa wa mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa taaluma aliapa mbele ya walimu wenzake kwamba hakuiandika yeye. Alikuwa anasema kweli, kwa sababu niliiandika mimi. Mungu aliponinyima sauti ya kuimba alinipa mkono wa kuiga miandiko. Nilianza kidato cha kwanza kwa saini ya mama yangu kwenye ripoti, nikapanda cheo taratibu kama mtumishi yeyote mwenye bidii. Siku ya mahafali walinigundua kwa jambo moja tu: nilicheka kabla ya wengine.

Nikasimamishwa masomo wiki tatu, nikarudi nyumbani Mpemba, karibu na Tunduma, na godoro langu kichwani.

Mama yangu, Restuta, ni mwalimu wa lishe. Kikundi cha akina mama wa kanisa kinampa mbegu na miche, naye mara tatu kwa wiki huenda gerezani kuwafundisha wafungwa wanawake kulima bustani na kupika chakula chenye afya kwa vitu vinavyoota hapa hapa kwetu. Aliisoma barua ya shule mara moja, akaikunja mara nne.

"Faith."

"Abee, mama."

"Naona unapenda adhabu. Kesho nakupeleka kwa watu wanaoijua."

Gereza lenyewe sitalitaja jina. Liko bondeni, mwendo wa bodaboda kutoka kwetu, lina ukuta, lina lango, na lina Mkuu wa Gereza ambaye nitamwita Mkuu kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa. Niliruhusiwa kuingia kwa kuwa mama alihitaji mtu wa kubeba trei za miche, na kwa kuwa askari wa upande wa wanawake, Afande Rozi, anaimba na mama kwaya moja.

Nilitegemea kuona watu wa kutisha. Nikakuta wanawake kumi na wanane wameinama kwenye matuta ya mchicha, matembele, karoti na viazi lishe, na nyuma yao magunia yaliyosimama kama watu wanene, yameota figiri kila upande.

"Mulishani, bamayo!" mmoja akamwamkia mama kwa Kibemba cha mpakani. Huyo alikuwa Enesi wa Chapwa, aliyekamatwa akivusha sukari kwa njia za panya, na ambaye mpaka leo anashikilia kwamba mifuko ile ishirini ilikuwa ya chai ya nyumbani. "Na huyu mtoto wamemkamata na nini?"

"Na choo," mama akajibu.

Ikabidi nieleze. Walicheka mpaka Afande Rozi akapiga filimbi, halafu na yeye akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mwanamke mmoja tu hakuangua kicheko. Alitabasamu, mikono yake ikiendelea kutandaza nyasi kavu juu ya tuta. Nilimsogelea nikashusha trei mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepewa siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mimi zimebaki ishirini na nne. Utanitangulia kutoka."

Huyo ndiye Nyanzobe. Ni Msukuma wa kule chini Momba, ambako watu wake walihamia na ng'ombe zamani. Ng'ombe wa mumewe waliingia usiku kwenye mpunga wa watu, wakaumaliza. Mume akavuka Zambia na ng'ombe, yeye akabaki na kesi. Miezi kumi na minane. Lakini mfungwa mwenye nidhamu husamehewa theluthi ya kifungo, na Nyanzobe hakuwa na doa hata moja. Alikuwa kiongozi wa bustani na mpishi wa mafunzo, na kila asubuhi Enesi alimwamsha kwa kumtajia namba ya siku zilizobaki, kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Namba ile ilikuwa na maana yake. Nyanzobe ana eka mbili alizofyeka kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji yake alikuwa amemtumia ujumbe: shamba likikaa msimu mwingine bila jembe, atalilima yeye, na akishalilima lisiulizwe tena. Mvua za kule huanza katikati ya mwezi wa kumi na moja. Nyanzobe alishapiga hesabu zote: siku mbili za njiani, siku tano za kung'oa magugu, halafu mvua inyeshe itakavyo.

"Nikishaweka mbegu chini," aliniambia tukimwagilia karoti, "hawezi kuniondoa. Hata mwenyekiti wa kijiji anajua hivyo. Mbegu ikishaota, shamba lina mtu."

"Na akikukuta hujapanda?"

"Basi mimi ni mgeni pale. Atanikaribisha uji."

Nilimpenda. Naliandika hili waziwazi mapema ili lisije likatumiwa kunitetea baadaye.

Sasa nieleze habari ya ubao. Ndani ya jiko la mafunzo kulikuwa na ubao mweusi, na juu yake mama aliandika kwa chaki maagizo ya mapishi. Amri yake kubwa ilikuwa moja: MSIMWAGE MAJI YA MBOGA, MNAMWAGA VITAMINI. Mama akiwa na jambo analoliamini, hulisema kama mtu anayegonga msumari. Mwezi wa kwanza wa mafunzo, Enesi alinisimulia, alitaka hata mgagani upikwe hivyo hivyo na maji yake. Kila aliyekulia jikoni anajua mgagani ulivyo mchungu. Unachemshwa, maji yanamwagwa, unachemshwa tena, yanamwagwa tena, ndipo unatiwa maziwa na kuachwa utulie. Wote walinyamaza kwa sababu mwalimu ni mwalimu na mfungwa ni mfungwa. Nyanzobe akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mgagani ukiuacha na maji yake hauna adabu."

"Tutaona," mama akasema, akachota kijiko, akala. Enesi anasema uso wa mama ulifunga kama duka la mtu aliyemwona mgambo. Alimeza. Akanywa maji vikombe viwili. Kisha akaenda ubaoni, akaongeza chini ya amri yake: *Isipokuwa MGAGANI: chemsha, mwaga maji, mara mbili. Tia maziwa.* Toka siku ile wakawa marafiki. Mimi nimeishi na mama miaka kumi na saba na sijawahi kumwona akiongeza neno "isipokuwa" kwa ajili yangu.

Ukutani, karibu na ubao, kulikuwa na picha kubwa ya sahani ya mlo kamili: samaki, parachichi, ndizi, mboga za kijani, ulezi. Iliwekwa mahali pazuri sana. Wafungwa waliweza kuitazama vizuri wakati wakila ugali na maharage, chakula walichokula mchana wa Jumatatu, na wa Jumanne, na wa siku nyingine zote ambazo nilikuwepo.

"Mboga mnazolima zinakwenda wapi?" nilimwuliza Enesi.

"Zinakwenda kusalimia watu," akasema.

Mkuu alikuwa ameahidi, mbele ya mama na mbele ya Afande Rozi, kwamba mavuno ya kwanza yataliwa na wafungwa. Mavuno ya kwanza yakapelekwa nyumba za maofisa, ili wathibitishe ubora. Mavuno ya pili yakapanda gari kwenda sokoni Tunduma. Mama alipouliza, Mkuu akamwambia asubiri Siku ya Lishe: wageni kutoka mkoani watakuja kuona bustani, watapiga picha, na siku hiyo, Mwalimu, kila mfungwa atashika sahani yake.

Mkuu hakusema uongo. Siku moja kabla ya wageni kulifanyika mazoezi. Wanawake kumi na wanane walipangwa mistari miwili mbele ya matuta, wakapewa sahani mpya zilizojaa mchicha wa karanga, viazi lishe na vipande vya parachichi. Harufu ya karanga ilinifikia mimi niliyekuwa nimekunywa chai na maandazi mawili.

"Inueni sahani," Mkuu akaagiza. Kijana mwenye kamera akapiga magoti. "Tabasamu. Msile, mtaharibu picha."

Wakatabasamu. Kamera ikalia. Kisha maaskari wakapita na beseni kubwa, wakakusanya sahani moja moja, na kile chakula kikatoka langoni kwenda upande wa nyumba za maofisa. Mwanamke mmoja alibaki na kidole kinywani, alikuwa amegusa karanga. Kengele ikagongwa, wakaenda kupanga foleni ya maharage.

Nilimwangalia mama. Alikuwa anahesabu miche ambayo tulishaihesabu.

"Mama, si waliahidiwa?"

"Nyamaza, Faith. Nikigomba leo, kesho sina kibali, na bustani hii itakuwa mahindi."

Nilinyamaza. Ninaponyamaza mimi huwa ninapanga, na hilo mama alipaswa kulijua kuliko mtu yeyote.

Mpango wangu nauweka hapa ili mjue kichwa cha mtu wa kidato cha tano kinavyofanya kazi. Chakula kikuu cha wageni kilikuwa mgagani, kwa sababu mgeni rasmi alisifika kwa kupenda mboga za asili na alishasema hivyo kwenye mikutano. Mgagani ukipikwa bila kumwaga maji, mgeni rasmi angeutema. Mkuu angeaibika mbele ya kamera. Sufuria ingerudishwa jikoni nzima nzima, na wafungwa, ambao wanajua dawa yake, wangeichemsha upya, wangetia maziwa, wangekula. Kila mtu angepata stahili yake. Niliuona mpango huu kuwa wa haki kabisa, na kwa kweli niliuonea fahari.

Asubuhi ya Siku ya Lishe nilitangulia jikoni na trei. Nikafuta ubaoni ile mistari ya mgagani. Nikaandika, kwa mwandiko wa mama, ile "g" yake yenye mkia mrefu na herufi zake zinazolala upande: *MGAGANI: usimwage maji. Usitie maziwa. Mgeni anataka vitamini zote.*

Enesi ndiye aliyeusoma, kwa kuwa Nyanzobe anajua namba lakini herufi bado zinamsumbua. Aliusoma kwa sauti. Akausoma tena kimyakimya.

"Mayu," akamwita Nyanzobe, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na gereza zima lilimwita hivyo, "mwalimu ameugua."

Nyanzobe alikuja, akausimamia ubao kana kwamba angeweza kuubana useme. Kisha akanigeukia.

"Binti, mama yako amebadilisha?"

Ulikuwa wakati wa kucheka. Nilikuwa nimejifunza, sikucheka.

"Amebadilisha, mama. Mkuu ndiye anayetaka hivyo."

"Itakuwa chungu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta kitu usoni pangu ambacho mtu mzima hutafuta kwa mtoto, sijui kinaitwaje, na nadhani aliamini amekiona.

"Ikiandikwa, mfungwa hana mdomo," akasema. "Enesi, songeza kuni."

Wageni walifika saa nne, magari matatu na vumbi lake. Wakapitishwa kwenye matuta. Mama alieleza habari za viazi lishe na macho ya watoto, habari za mbolea ya mboji, habari za bustani ya gunia kwa mtu asiye na kiwanja, na alieleza vizuri sana. Hata mimi nilijivunia. Mkuu alitoa hotuba kuhusu gereza lenye siha. Katikati ya hotuba hiyo nikaponyoka, nikaingia jikoni, nikafuta maandishi yangu na kurudisha ya zamani: *chemsha, mwaga maji, mara mbili. Tia maziwa.* Mtani hodari haachi alama. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi, na nilikuwa nimeivunja shuleni, sikutaka kuivunja tena. Niliporudi Mkuu alikuwa bado anahutubia.

Mgeni rasmi alipewa sahani. Kamera ikamsogelea. Akachota mgagani mwingi, kama mtu anayetaka kuonyesha anavyopenda vya nyumbani, akaupeleka kinywani.

Niliyaona mashavu yake yakisimama. Macho yakamlengalenga. Aliitazama kamera, na kamera ilimtazama, akameza. Mwanamama aliyekaa pembeni yake hakuwa na kamera ya kumlinda. Alitema kwenye leso. Wa tatu akaanza kukohoa. Dereva mmoja aliyekuwa amejichotea kwa nyuma akasema kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwenye karoti:

"Hii ni sumu!"

Neno lile lilitembea haraka kuliko mtu. Mara askari wawili wameshashika sufuria, mgeni rasmi anapewa soda, na Mkuu amegeuka rangi.

"Nani kapika?"

Nyanzobe akatoka mstarini, mikono nyuma. "Mimi, afande."

"Hukumwaga maji?"

"Sikumwaga, afande. Imeandikwa ubaoni tusimwage."

Wote tukaongozana mpaka jikoni. Ubao ulikuwa safi, mwandiko wa mama umelala upande wake vizuri. Mkuu akausoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mwingine kusoma. *Mwaga maji. Mara mbili.*

"Imeandikwa wapi?"

Nyanzobe alisogea karibu na ubao. Alinyoosha kidole, akagusa mahali yale maneno yalipokuwa, na kidole kikabaki pale.

"Afande, asubuhi mimi nilisoma..." Enesi akaanza.

"Enesi," Afande Rozi akamkata, kwa sauti ya chini ambayo sidhani ilikuwa ya ubaya. "Umebakiza miezi mingapi?"

Enesi akafumba mdomo. Nilimwona akiufumba, kwa nguvu, kama anayefunga mfuko wa sukari.

Mkuu akamgeukia mama. "Mwalimu, uliandika wewe usimwage?"

"Hapana," mama akasema. "Sijaandika hivyo. Lakini Nyanzobe hawezi..." Akaishia hapo. Alikuwa amekigeukia kile kidole ubaoni, kisha akanigeukia mimi, na macho yake yakakaa kwangu muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Nyanzobe naye akanitazama. Hakunitaja. Nimelifikiria jambo hili sana kwenye vipindi vya hesabu, na siamini kwamba alikuwa ananificha. Alikuwa ananisubiri. Alisimama na mikono nyuma, akanipa muda wa kutosha mtu kusema sentensi moja fupi, na sentensi ilikuwa fupi kweli: *Ni mimi.* Nilikuwa nayo kinywani. Niliimeza, kama mgeni rasmi.

"Miezi mitatu ya msamaha imefutwa," Mkuu akasema. "Kwa kuhatarisha wageni wa serikali na kwa kusema uongo mbele ya ofisa. Atoke bustanini. Na hiyo sufuria isimwagwe, sisi hapa hatuchezei chakula. Waile yote."

Ndivyo mpango wangu ulivyotimia. Wafungwa walikula mboga walizolima. Walipanga foleni, wakapimiwa mgagani mchungu uliopoa, upawa mmoja kila mtu, wakasimamiwa mpaka sahani zikaisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuchemsha upya. Nyanzobe alikula bila kukunja uso. Enesi alipofika mwisho wa sahani yake alipangusa mdomo akasema, bila kumwangalia yeyote:

"Leo nimepata vitamini mpaka za mwaka kesho."

Hakuna aliyecheka.

Nilimwambia mama njiani, tukisubiri bodaboda chini ya jua. Sikuwa na haja ya kusema mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika trei tupu kifuani.

"Uliiga na 'g' yangu?"

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atanipiga. Aliweka trei chini, akakaa juu yake, mama yangu ambaye hajawahi kukaa barabarani, akavunja trei.

"Yule alinifundisha mimi kupika mgagani," akasema. "Mimi. Mwalimu."

Kesho yake asubuhi tulikuwa ofisini kwa Mkuu, mama na mimi. Nilisema ile sentensi fupi, siku moja baada ya wakati wake. Mkuu alinisikiliza kwa makini, akitafuna karoti. Ilikuwa karoti nzuri, niliimwagilia mwenyewe.

"Una kipaji," akaniambia. Kisha akamwambia mama: "Mwalimu, taarifa imeshakwenda mkoani jana ile ile. Imeandikwa mhusika amepatikana na ameadhibiwa. Sasa niandike nini? Kwamba gereza langu lilichezewa na mtoto wa shule?"

"Andika ukweli," mama akasema.

"Ukweli nikiuandika, kibali chako kinaisha leo. Bustani inaisha leo. Wale kumi na saba wengine wanarudi kukaa. Ndivyo unavyotaka?"

Mama aliiandika barua yeye mwenyewe. Kurasa mbili, kwa mwandiko wake, na mimi nikatia saini yangu chini, saini yangu halisi, ambayo niligundua kwamba sijaizoea. Karani akaipokea, akaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, akaifungia kwenye faili. Mpaka leo iko humo. Ni barua iliyotunzwa vizuri sana.

Adhabu yangu mimi iliisha kwa wakati wake. Siku ya ishirini na moja niliomba kwenda gerezani kabla ya kurudi shule. Mama hakuniuliza kwa nini. Mvua zilikuwa zimewahi mwaka ule. Barabara ilikuwa utelezi na bonde lote lilinuka udongo.

Nyanzobe alikuwa upande wa kuni, anapasua magogo. Afande Rozi aliniruhusu dakika kumi, akasimama mbali kidogo na mgongo wake kwetu. Enesi alikuwa naye, anapanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi, na yalikuwa mazuri. Nikamwambia tu samahani. Aliegemeza shoka.

"Kwetu imeshanyesha?" akauliza.

"Wanasema imenyesha toka Jumapili."

"Basi shemeji ameshaingia." Alisema kama mtu anayetaja saa. "Jana alikuja mtu wa kule kumwona ndugu yake upande wa wanaume. Anasema ameona jembe la ng'ombe kwangu. Mapema sana, kabla hata ya mvua. Shemeji aliposikia siji, hakusubiri."

Enesi alipanga gogo juu ya gogo, taratibu, bila kutoa sauti.

"Una kalamu?" Nyanzobe akaniuliza.

"Ninayo."

"Niandikie."

Nikachukua ile karatasi yangu ya kuombea radhi, nikaigeuza upande wa nyuma, nikapiga goti, nikaandika juu ya gogo maneno aliyonitajia, kwa herufi kubwa zilizosimama wima, mwandiko usio wa mtu yeyote:

*Shemeji, nakusalimu. Nimesikia umelima. Sikudai. Kwenye kona ya kisimani kuna hatua ishirini ambazo hazifai mpunga. Niachie hizo. Usipitishe ng'ombe. Nitakuja mwezi wa pili, nitapanda mboga. Ni mimi Nyanzobe.*

"Nimemaliza, mama," nikasema. Nikaikunja vizuri, nikanyoosha mkono nimpe, na nikasema pia kwamba mama yangu anamfahamu mtu wa basi la Kamsamba linaloshuka kwao, naweza kuipeleka leo leo.

Aliipokea. Hakuitia mfukoni. Aliikunjua, akaitazama ile mistari ambayo hakuweza kuisoma, kisha akainyoosha pembeni, akinipita mimi.

"Enesi," akasema. "Nisomee."

Enesi akapangusa mikono kwenye sketi, akachukua karatasi, akasoma neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya mstari.

"Tena," Nyanzobe akasema.

Enesi akasoma tena. Safari hii Nyanzobe alikuwa anatazama kidole. Mwisho akatikisa kichwa kukubali, akachukua karatasi, akaikunja, akaenda kumpa Afande Rozi.

Akarudi, akashika shoka.

"Nenda shule," akaniambia.